Pumzi Ndani ya Jeneza

Mwanangu, umeniambia kesho unaenda mahojiano ya kazi ya mauzo, na kwamba watakupa kalamu uwauzie. Ukacheka. Mimi sikucheka, na uliniona. Nakumbuka siku yangu ya kuhojiwa, na mpaka leo silali chali.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mdomo mwepesi ajabu. Nakuru ilikuwa haijawa jiji, lakini kazi zilikuwa adimu vilevile. Nikasikia Mama Njeri, mwenye duka la majeneza karibu na mochari, anatafuta muuzaji. Nikaazima shati, nikaenda. Aliniacha nijisifu mpaka koo likakauka, kisha akafunua jeneza moja lililokuwa bado linanuka vanishi.

"Ingia," akasema. "Nitafunika. Mteja akija, usikohoe, usiseme. Akienda, utaniambia alitaka nini hasa. Ukijua kusikiliza, kazi ni yako."

Basi nikaingia. Wee! Giza la mle ndani mchana kweupe si giza la kawaida. Hewa ilikuwepo, lakini kila nikipumua sauti ilinirudia usoni, kana kwamba kuna mwingine amelala nami.

Mteja akaja, mama mzee kutoka Kabazi, sauti imeisha kwa kulia. Mwanawe wa pekee alikuwa mochari, azikwe Jumamosi. Nikasikia kiganja chake kikipita juu ya mbao, polepole, kutoka miguuni hadi usoni pangu, kikasimama hapo. Kisha sauti, karibu kabisa na sikio langu.

"Kamau? Ni wewe?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, mwanangu. Pole mathe, ni mimi, natafuta kazi. Basi! Lakini niliambiwa nikinyamaza kazi ni yangu, na nyumbani walikuwa wananitegemea. Nikabana pumzi. Ikanishinda, ikatoka.

"Anapumua," mama akasema. "Nipeni hili hili."

Mama Njeri akamwambia hilo ni tupu. Lakini hakufunua. Aliuza, na mama alipoondoka akanifunua, akanipiga begani, akasema nimepita, na kazi yangu ya kwanza ni kulifikisha jeneza lile Kabazi.

Jumamosi asubuhi tulimchukua Kamau mochari. Nilikaa nyuma ya pikapu, kando yake. Tulipoanza kupanda milima nikasikia pumzi, ya taratibu, ya mtu aliyelala. Nikazuia yangu nisikie vizuri, na ile nayo ikakoma. Nikaachilia, ikaanza tena. Nikajiambia ni mimi mwenyewe. Nilijiambia hivyo mpaka Kabazi.

Kaburini, mchungaji alipomaliza kuomba, yule mama akajilaza juu ya jeneza, sikio kwenye mbao.

"Msimfukie! Alipumua dukani, nilimsikia."

Wakambembeleza, wakamvuta, akashikilia. Wanaume wenye koleo wakatazamana. Mmoja akaweka lake chini, akarudi nyuma. Niliona kwamba mama huyu hatamzika mwanawe, si leo wala kesho, na ni kwa sababu yangu. Nikapiga magoti.

"Mathe, ni mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nahojiwa kazi. Nilikusikia ukiita, nikanyamaza. Nisamehe."

Watu wakaguna. Mtu akanishika kola. Mama akamwambia aniache, akanivuta, akaweka sikio kifuani pangu. Alisikiliza muda mrefu, macho amefumba.

"Ndiyo hii," akasema. Akawageukia wenye koleo. "Mteremsheni."

Kisha akaniuliza, kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, "Mbona hukusema, kijana?"

Habari zikamfikia Mama Njeri, na Jumatatu akanifukuza. Nilienda Molo kuuza mbegu za viazi, na mbegu ikiwa mbaya nilisema ni mbaya. Ndizo zilizokulea wewe.

Kwa hivyo kesho, wakikupa hiyo kalamu, uliza kwanza mtu anataka kuandika nini. Wakikupa jambo la ajabu, lifanye, huenda wana sababu yao. Msikilize mteja, hapo Mama Njeri hakukosea. Lakini ukiona anaamini kitu ambacho wewe unajua si kweli, sema hapo hapo, kabla hajalipa, hata kama kunyamaza kwako ndiko kunakouza. Kazi utapata nyingine. Mimi nikilala chali bado nasikia kiganja kikipita juu ya mbao, na bado naulizwa kama ni mimi.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe sikio la kusikia na mdomo wa kusema mapema. Uuze, ule jasho lako, na ukizeeka kama mimi, ulale utakavyo, hata chali.