Kamba Niliyoifunga Mtoni Ufaransa

Aibu hii niliitengeneza mie mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wakwe, kwa hiyo bora mnisikie mie kuliko kumsikia Zuhura, maana yule akisimulia anaongeza chumvi.

Zuhura ni mjukuu wangu, nimemlea hapa hapa Keko. Yuko Ufaransa kwa kazi ya uuguzi, na huko akapata mchumba, anaitwa Luka. Wajomba zake wakasema hatuozeshi kwa watu tusiowajua, bibi aende akawatazame, akirudi atuambie ndiyo au hapana. Nikaenda. (Baridi yake sitaki hata kuieleza.)

Wale watu wana boti ya kutembelea, yenye jiko na vitanda, tukawa humo mtoni siku kadhaa: mie, Zuhura, Luka na mama yake. Ule mto wameutengeneza kama ngazi. Boti inaingia katikati ya kuta mbili za mawe, milango inafungwa mbele na nyuma, maji yanapunguzwa taratibu mpaka boti inashuka, halafu mlango wa mbele unafunguliwa mnaendelea. Kazi yenu ni kuzungusha kamba kwenye nguzo fupi ya chuma kule juu ukutani, kuishika, na kuilegeza kidogo kidogo boti inavyoshuka.

Siku ya kwanza nilikaa, ya pili nikakaa. Ya tatu nikamwambia Zuhura, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwambie mkweo anipe kazi, wasije wakasema wanawake wa kwetu wanakaa kama mizigo."

"Bibi, pumzika tu."

"Nimepumzika. Mwambie."

Mama Luka akanipa kamba ya mbele. Zuhura akasisitiza, "Shika tu, Bibi, usifunge." Nikaitika. Lakini nilikuwa na sufuria ya pilau jikoni (nilitaka wakwe wale chakula cha mkono wangu), na harufu ikaniambia inashika chini. Nikajiuliza, boti yenyewe imetulia, mtu mzima nasimama nimeshika kamba ya nini? Nikaipiga fundo lile la kufungia mbuzi, ambalo akivuta ndiyo linakaza, nikaenda kuipua, nikatoka na sufuria yangu nje.

Maji yakashuka. Nyuma ya boti ikashuka nayo, mbele ikabaki juu, inaning'inia kwenye fundo langu. Nikadhani kichwa kinanizunguka kwa njaa, mpaka nilipojiona nateleza, nimekaa kitako, kanga imebaki njiani (nilikuwa na gauni ndani, msifikirie mengine), tunaelekea kwa Mama Luka aliyekuwa amekaa nyuma na kahawa yake. Sufuria ndiyo iliyotangulia.

Luka akapanda kwa magoti na kisu, akakata kamba, mbele ikaanguka majini, tukaloa wote. Kule juu ukutani watu wenye baiskeli walikuwa wanatupiga picha.

Zuhura akasema polepole, "Bibi, mama yake ndiye alikuwa bado hajakubali."

Nikajisemea moyoni: Nimetumwa kutazama watu, na sasa mtoto anakosa mume kwa fundo la mbuzi.

Mama Luka alikuwa na pilau kifuani mpaka kwenye nywele. Akachukua punje begani, akatia mdomoni, akatafuna bila haraka, akasema neno.

"Anasemaje?"

"Anasema wali mtamu. Anauliza, kwetu wote mko hivi?"

"Mwambie mie ndiye mpole wao."

Zuhura akamwambia. Yule mama alicheka mpaka akajishika ubavu, akanivuta nikae pembeni yake, tukaanza kuokota nyama pamoja.

Niliporudi, wanangu wakaniwekea kiti. "Haya Mama, umewaonaje?" Nikawajibu ni watu wazuri, mwozesheni, na msiniulize zaidi. Wakauliza zaidi. (Picha za wale wa baiskeli zilikuwa zimezagaa mtandaoni, zikafika kwenye simu zao kabla yangu.)

Nyie mtakaokwenda ugenini, mkiambiwa shika tu, shikeni tu. Pilau ikiungua, iungue.