Rais Alipomtembelea Kaka Yangu Chini ya Bahari

Tulimzika mama kijijini kwetu Ndithini, na kaka yangu hakujua. Alikuwa mpishi kwenye nyambizi ya nchi ile ya mbali iliyompa uraia. Kabla ya safari aliulizwa: msiba ukitokea nyumbani, aambiwe huko huko chini au asubiri mpaka afike bandarini? Alisema atasubiri. Nilipoandika kwamba mama amefariki, afisa alinijibu kwa upole kuwa watashika neno lake.

Baba alitangulia zamani, na kwetu tulizaliwa wawili tu. Wageni walipotawanyika nilirudi chumbani kwangu Katelembo, kisha kiwandani Athi River kushona suruali.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, runinga ya kantini ilimwonyesha rais wa nchi ile akiingia kwenye nyambizi iliyoibuka katikati ya bahari. Alishuka ngazi kinyumenyume, akishikwa kiuno kama mtoto, na watu wakacheka. Kamera ikamfuata hadi jikoni. Hapo nikamwona kaka yangu na sinia ya mikate, uso wote kicheko. Rais akampa mkono.

"Si huyo ni ndugu yako?" aliuliza mwenzangu wa mezani, aliyewahi kuiona picha yake.

"Ni yeye."

"Sasa mbona unalia? Hiyo ni baraka."

Wengine wakaanza kunipigia makofi. Nilishindwa kuwaambia kwamba yule mtu anacheka kwa sababu bado hajaambiwa. Nilirudi kwenye mashine yangu na chakula nikakiacha.

Kaka yangu alipofika bandarini, kasisi wa wanamaji alimpa habari. Alinipigia simu.

"Mama mmemlaza wapi?"

"Kando ya baba."

"Nani alinirushia udongo kaburini?"

"Mimi. Nilirusha mara mbili."

Kisha akanieleza juu ya yule rais. Walizama naye, akalala humo. Mchana aliuliza maswali mengi kuhusu mitambo, lakini baada ya chakula cha jioni alikuja jikoni peke yake kuomba chai. Alikuwa amepauka. Alisema kuta zinamkaribia.

"Wewe unavumilia vipi?" alimwuliza.

"Namfikiria mama yangu, mheshimiwa. Nikifika bandarini, wa kwanza kumpigia ni yeye."

Rais alikunywa chai kidogo. Halafu akasema, "Wangu alifariki nikiwa kwenye kampeni. Waliniambia baada ya hotuba."

"Nilimpa pole," kaka yangu aliniambia. "Mimi nilimpa yeye pole." Hapo akalia.

Alipopata likizo alikuja. Tulikaa Ndithini nyumbani kwa mama, tukapika mahindi ya muthokoi, na majirani wakaja kuuliza kama rais ni mrefu. Alilala mlango ukiwa wazi. Asubuhi moja aliniambia, "Dada, njoo tuishi kule."

"Ukiwa baharini nitaishi na nani?"

Juma lililofuata alirudi kazini.

Siku hizi nikipata Jumapili naenda Ndithini. Nafagia ua, nafungua madirisha hewa iingie, nakaa kwenye kiti cha mama mpaka jua lipungue. Halafu nafunga, narudi Katelembo.