Hamali Aliyekatazwa Kufunga

Saa nne asubuhi, Kariakoo. Kasmir anainama, anapitisha bega chini ya mpiko, mti wa kubebea mzigo, anakohoa kidogo ili mwenzake wa nyuma ajue. Gunia la mchele la ratili mia mbili linainuka kutoka dukani kwa Bwana Ghanim, likining'inia kati ya wanaume wawili. Wanakwenda maduka ya mjini, ng'ambo ya Mnazi Mmoja.

Nyuma yuko Hamis, Mzaramo wa Ilala, naye amefunga. Ni Desemba 1934, Ramadhani imeangukia kwenye joto kali. Kasmir ni Mkatoliki kutoka Kilema, Kilimanjaro. Wanabeba pamoja tangu masika.

"Mwezi huu gunia tunalisogeza kwangu," anasema Kasmir, akionyesha kamba iliyofungwa karibu na bega lake. "Uzito unanilalia mimi. Idi ikipita tunalirudisha katikati."

Mwanzoni haikuwa hivyo. Kasmir aliona haya kunywa maji mbele ya mwenzake, akafunga naye kimyakimya, bila hata kula daku. Siku ya tatu akaanguka na mzigo. Gunia likapasuka, mchele ukamwagika mchangani.

Bwana Ghanim, Mwarabu asiye na maneno mengi, alisema likianguka jingine, kazi atawapa watu wengine.

Aliyefoka ni Hamis. "Nilimwambia, we Mchaga, nani kakutuma? Mimi nafunga kwa ajili ya Mola wangu. Wewe unafunga kwa ajili yangu, tunakosa kazi wote wawili. Kunywa maji, unibebee."

Kasmir anacheka akikumbuka. "Nilidhani kumpenda ni kushinda na kiu kama yeye. Kumbe alikuwa anataka bega langu."

Wako wanaodhani urafiki ni kufanana. Waje Mnazi Mmoja, wawili hawa wanapotua mzigo kupumzika. Kasmir anafungua kibuyu na kunywa hadharani, Hamis akimsimamia kama mama mwenye mtoto anayekataa dawa.

"Maliza. Usibakize," anamwambia.

Tangu hapo hakuna gunia lililoanguka, na Bwana Ghanim amewaongezea safari za mjini.

Krismasi itaangukia ndani ya mfungo. Kasmir ana jogoo nyumbani, na Hamis atakwenda asubuhi kumchinja, ili kitoweo kiwe halali kwa kila mtu.

"Nataka sisi wote nyumbani tumngoje Hamis hadi magharibi, tule pamoja," anasema Kasmir.

"Unaanza tena," Hamis anamkata, akishika ncha yake ya mpiko. "Wewe kula mchana na watu wako. Mimi nifunikie paja la kufuturia."