Unga wa Kunasa Moshi

Pale maabara walimwita Mama Unga, na jina lilimkaa. Miaka yote kazi yake ilikuwa unga wa silika, madini ya mchangani: mweupe, mwepesi, kila chembe imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo hupakwa dawa kwa ndani, na dawa ndiyo inayokamata hewa ya ukaa kutoka kwenye moshi. Aliujua unga wake kuliko alivyomjua mumewe, na mumewe hakukataa.

Sasa kiwanda cha saruji kilitaka unga wa kujaribu kwenye bomba lake la moshi, na aliyeutengeneza angehamia huko kuusimamia. Mama Unga alishajiona huko na kofia ngumu kichwani. Tatizo lilikuwa wifi yake, dada wa mume, ambaye naye alitengeneza unga pale maabara. Kazi hiyo Mama Unga mwenyewe ndiye aliyemtafutia, kwa mdomo wake, na hilo ndilo lililomkereketa zaidi. Siku mkuu wa maabara alipousifia unga wa wifi mbele ya watu, Mama Unga alicheka na wengine huku roho ikimuuma kama jino bovu.

"Hongera, wifi yangu," alisema.

Kwenye jaribio la mwisho, la kuchagua unga wa kwenda kiwandani, aliamua kumkomesha. Kama dawa ndiyo inayokamata, si aongeze? Akaongeza. Akamwona wifi anapima kidogo kidogo, ametulia, anaimba chini chini, akaongeza tena. Unga ulipokauka ulikuwa unanata vidoleni. Macho yaliona, kijicho kikakataa.

Moshi ulipopitishwa, unga wa wifi uliongezeka uzito kwenye mizani, umeshiba hewa. Wa Mama Unga haukuongezeka hata chembe. Dawa ilikuwa imeziba vitundu vyote, hewa haikuwa na pa kuingilia.

"Basi, kiwandani utaenda wewe," mkuu alimwambia wifi.

"Mnanipongeza bure," wifi akasema. "Kipimo cha dawa ni cha wifi yangu huyu. Alinifundisha nilipoanza kazi, sijabadilisha hata tone."

Afadhali angemcheka. Mama Unga alitamani amkute na kosa moja tu, hata la kuringa, amchukie kwa raha. Hakuliona.

Mkuu akamgeukia. "Kumbe kipimo ni chako? Sasa mbona wewe mwenyewe hukukifuata?"

Jibu alikuwa nalo, limemjaa mdomoni: kijicho. Lakini wifi alikuwa amesimama pale pale, anamtazama kwa huruma, naye anasubiri kulisikia.