Kwa Kawaida Hubisha Magharibi

Nilirudi kwetu Ziwani katikati ya miaka ya tisini na diploma ya kufundisha Kiingereza, niliyoilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo ughaibuni. Sikubebwa na mtu. Hata leo, niulize maana ya "usually" nami nitakupa kwa kawaida, aghalabu, mara nyingi, kwa desturi, tena na mifano: aghalabu mvua hunyesha Aprili; kwa desturi mgeni huandaliwa chai.

Barua zangu nilizituma kwa sanduku la posta la kiwanda alichofanyia kazi marehemu baba. Sikujua kilikuwa kimefungwa. Na kwetu magharibi mwa nchi, mtu akipotea muda mrefu bila habari, watu wake huzika mgomba badala ya maiti yake.

Nilifika jua likizama, nimevaa suti. Jirani aliyekuwa akianua nguo aliniona, akaziacha kwenye kamba, akaingia ndani na kufunga. Nikabisha kwetu.

"Mathe, kuna mtu," nikasikia sauti ya dada yangu.

"Mwache. Ni kaka yako. Kwa kawaida hubisha saa hizi, halafu huenda zake."

Neno hilo nilifundishwa kwa chaki, lakini sikuwahi kulisikia likisemwa juu yangu, kwa utulivu ule, kama mtu anayezungumzia mvua ya Aprili.

"Mama, ni mimi! Fungua!"

"Ai! Leo anaongea," dada akanong'ona.

Mama akasogea mlangoni. "Tulikuzika, mwanangu. Tulikulilia vizuri. Kapumzike."

Giza lilikuwa linaingia. Nilihisi kwamba akiniacha nje usiku ule, nitakuwa kweli kile alichokizika. Nikaupiga mlango kwa kiganja.

"Nipumzike vipi na nimesoma hivi? Nina diploma, mama! Niliwapita hata Wazungu, kwa lugha yao wenyewe!"

Kisha mama akacheka.

"Huyu ndiye. Yule mwingine hajisifu."

Komeo likavutwa. Alinipapasa masikio, pua, vidole, kama anayekagua kuku sokoni, akanikalisha, akanipa ugali na sukuma. Dada alikaa mbali, akiangalia kama chakula kinapungua kweli.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuwasimulia mahafali yangu mlango ulipobishwa, taratibu. Nikainuka. Mama akanishika mkono, bila kuacha kutafuna.

"Kaa ule," akasema. "Kwa kawaida hakawii kuondoka."