Nilimwambia Binti Yangu Meno Yake Hayakuwa na Dawa

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka tisini, naishi Kilolo. Anayeniandikia haya ni mpangaji wangu, maana kwenye ukoo wangu hakuna anayeyajua.

Miaka ya hamsini ikielekea kwisha, binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka saba. Meno ya utotoni yaligoma kung'oka, ya ukubwani yakaota nyuma yake, yamebanana. Nikampeleka zahanati ya misheni. Bwana mganga akasema mwezi ule daktari wa meno atakuja Iringa mjini, atamng'oa yale ya utotoni na kumwekea kibati chenye waya cha kuyasukuma mengine yajipange. Alisisitiza nisichelewe, taya likikomaa itakuwa kazi.

Mama mkwe alikataa. Kwetu jino la mtoto likitoka hurushwa juu ya paa la kwao ili jipya liote zuri. Likibaki kwa wageni mjini, alisema, mtoto ataharibikiwa. Nami nilipenda kusifiwa kuwa mkamwana mtiifu. Nikaenda zangu kuvuna ulezi. Daktari akaja, akaondoka.

Kinachoniuma ni kwamba ningeweza kumwomba daktari yale meno, nikayafunga kwenye pindo la kanga nikarudi nayo. Hata sikuwaza.

Meno yakaota yalivyotaka. Shuleni walimtania mpaka akazoea kucheka kafunika mdomo. Kwaya akaiacha, na sauti alikuwa nayo. Alipokuwa msichana mkubwa aliniuliza kama kweli hakukuwa na la kufanya.

"Ulipokuwa mdogo hakukuwa na dawa, mwanangu," nikamjibu.

Akanipa pole. Mimi ndiye niliyepewa pole.

Juzi nilikwenda kumwona huko Ilomba, Mbeya, anakoishi. Mjukuu wake wa miaka minane kafungwa waya kwenye meno, anacheka ovyo. Binti yangu, sasa ana sabini na tatu, alimtazama, mkono wake uko pale pale mdomoni.

"Mama, hawa wamebahatika. Laiti enzi zetu kungekuwa na kitu kama hiki."

Nikaitikia, "Kweli, mwanangu." Nikawa nimemdanganya mara ya pili.

Siku zangu zimebaki chache. Nikisema, nitamwondolea mama aliyemwamini maisha yake yote. Nikinyamaza, atanililia kaburini bila kujua nilichomfanyia. Nishaurini wanangu, nifanye nini? Ninyi mngekuwa yeye, mngetaka kujua?