Isnino Avuka Mchanga wa Shaba

Miaka kumi na moja Isnino aliingia hifadhi ya Shaba akiwa kiti cha nyuma, amepakata sufuria. Alikuwa mpishi wa Marete, yule mwenye kampuni ya kupeleka wageni kupiga kambi porini kutoka Isiolo mjini. Leseni alikuwa nayo, tena ya lori. Babake, mzee wa usafirishaji, alimfundisha kwenye njia ya Sericho kabla hajaolewa. Lakini ukiyasema hayo mbele ya madereva, basi umewaletea kichekesho.

Mwaka huu alichoka. Alimwendea Marete akamwambia waziwazi kwamba ampe gari au atafute mpishi mwingine. Marete, mtu asiyependa kelele, alikubali kwa sharti moja. Isnino aendeshe Land Cruiser kuukuu ya mizigo hadi kambini. Akifika bila kuvutwa kwa kamba, usukani ni wake. Akikwama, arudi jikoni na asiguse habari hiyo tena.

Jua lilikuwa limepanda msafara wa magari matatu ulipofika kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga unaokata njia ya kambi. Mbele walikuwa madereva Kubai na Jirma, kila mmoja na wageni wake. Sasa, madereva hawa wana ugonjwa wao: kutoa upepo kwenye tairi, ili zilale bapa zisizame mchangani, wanaona ni aibu, ni kukiri kwamba hujui kukanyaga mafuta. Kubai akakanyaga. Gari likanguruma, likarusha mchanga, likazama hadi ekseli. Jirma, badala ya kujifunza, akapita kando yake kwa kasi zaidi, naye akazama. Wanaume, jamani!

Isnino alisimama ukingoni. Aliogopa, na nani asingeogopa? Alishuka, akavua viatu, akatembea mchanga wote hadi ng'ambo akitafuta kwa nyayo palipo pagumu. Aliporudi alichukua kijiti, akachutama, akabonyeza vali na kutoa upepo tairi moja baada ya nyingine mpaka zikalegea.

Kubai alikuwa anachimba kwa koleo, jasho linamtiririka, lakini mdomo bado anao. Alimwambia mama aache kuharibu gari la watu, hapa si jikoni. Isnino alipanda garini. Mwenda pole hajikwai.

Alisema bismillahi, akatia gia nzito, akaingia. Aliliacha gari litembee mwendo wa ngamia. Katikati magurudumu ya nyuma yalianza kuteleza, ila hakuongeza mafuta. Gari likajivuta, likapanda ukingo, likasimama juu ya mawe, likiwa na mahema yake, mitungi ya maji na vyombo vyote. Hata kikombe hakikuvunjika. Isnino akapiga kigelegele peke yake, kirefu, bila haya.

Marete, aliyekuwa amepanda gari la Kubai, alivuka kwa miguu akampa mkono mbele ya wageni. Kisha akamwomba awavute wenzake.

“Sivuti gari lililojaa upepo,” Isnino alisema. “Wautoe kwanza.”

Wakatazamana. Jirma akachutama, na mwishowe Kubai naye. Isnino aliwasogelea na kamba begani, akasikia tairi zinapumua.

“Dereva,” Kubai akauliza bila kuinua uso, “nitoe hadi wapi?”

“Endelea tu. Nitakwambia ikitosha.”